Mzinga Nilioutundika Kilungu

Wiki iliyopita nilicheka mazishini, na si kicheko cha kufunika kwa leso. Nilicheka mpaka mama mmoja wa kwaya akaniletea maji, akidhani kilio kimenikaba. Tulikuwa Kilungu tukimzika Mzee Ndambuki, aliyekuwa mwenyekiti wa kamati ya shule niliyofundisha nikiwa msichana, na watu walikuwa wengi hivi kwamba nadhani Ukambani kwingine kote siku hiyo walibaki kuku peke yao. Mjukuu wake akashika kipaza sauti akasoma maisha ya babu: alivyozaliwa, alivyookoka, alivyopanda kahawa. Kisha akanyoosha kidole juu ya mabati ya shule, kwenye ule msitu uliosimama kilimani, mweusi kwa ubichi, akasema, "Na msitu huu mnaouona, ni babu aliyekataza usikatwe." Watu wakasema amina. Mimi nikacheka. Mwanamke mnene mwenye miwani aliyeketi kando yangu akaninong'oneza, "Mwalimu, nyamaza, watatutoa nje." Nikamgeukia. Alikuwa Mbithe, mwanafunzi wangu wa darasa la sita wakati ule, sasa ni nyanya wa watu. "Mbithe," nikamwambia, "si wewe ulikuwepo?" Akasema, "Nilikuwepo, ndiyo maana nimeuma leso."

Kwa hivyo nimerudi kwangu Matinyani, nimekaa mezani, na nimekataa kuitwa hata kula mpaka niandike mwaka ule ulivyokuwa. Sina chuki na marehemu. Mwishowe tulipendana kwa namna yetu, namna ya watu wawili wanaoviziana. Lakini mtu akifa haimaanishi apewe na mambo ya wengine aende nayo kaburini. Msitu ule ulibaki kwa sababu ya watoto wa darasa la sita, mzinga uliokuwa kitanda cha kuku, na wivu wa wanaume wazima. Nitaeleza kwa utaratibu huo huo.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Nilikuwa nimemaliza masomo ya jioni mjini Kitui, ambako mchana niliosha vikombe katika hoteli moja karibu na soko, na jioni nilibanana kwenye dawati na wanaume wenye ndevu, chini ya karabai iliyokula mbu wengi kuliko chura yeyote. Nilisoma nikisinzia, nikasinzia nikisoma, na siku ya mtihani nilikuwa nimezoea giza hivi kwamba jua la mchana lilinibabaisha. Nikafaulu hata hivyo. Cheti changu nilikitembeza katika kila ofisi mpaka pembe zake zikalainika kama kitambaa, na mwishowe shule moja ya Kilungu ikanichukua, kwa sababu mwalimu wao wa darasa la sita alikuwa ametoroka baridi. Sikuwa nimesomea ualimu. Hedimasta, Mwalimu Kyalo, mtu mwembamba aliyevaa koti hata akila, aliniuliza swali moja tu: "Una sweta?" Nikasema ninayo. Nikawa mwalimu.

Mtu wa Kilungu hawezi kuelewa mtu wa Matinyani anavyoiona Kilungu mara ya kwanza. Sisi kwetu maji tunayachimbua kwenye mchanga wa mto, unachota kwa kibuyu polepole, ukikohoa yanajificha. Asubuhi yangu ya kwanza kule niliamka nikadhani nimepofuka. Nilifungua mlango, dunia haikuwepo. Kulikuwa na weupe tu, na ndani ya weupe huo jogoo akiwika kama aliyepotea. Nilipopita chini ya msitu kwenda shule nikanyeshewa kichwa kizima. Nikatoka kwenye miti, hakuna mvua. Nikarudi chini ya miti, mvua. Nilitoka na kurudi, nikatoka na kurudi, mpaka mama aliyekuwa akipita na kuni akanisalimu kwa sauti ile tunayowasalimia nayo wagonjwa. Siku hiyo hiyo nikajua nitawafundisha nini watoto wale, na hakikuwa kilichoandikwa kwenye silabasi. Silabasi ilitaka nipande harage ndani ya chupa. Harage ndani ya chupa! Na kilima kizima kinadondoka maji juu ya vichwa vyetu!

Nilipangiwa chumba kwa Mama Wanza, mjane, dada yake huyo huyo Mzee Ndambuki. Kilikuwa katikati ya jikoni na ghala, kwa hivyo nililala na moshi upande mmoja na mahindi upande wa pili, na nadhani ndiyo maana mpaka leo sizeeki haraka. Ukuta wa jikoni haukufika juu. Kila lililosemwa jikoni lilipanda, likakaa kidogo darini pamoja na masizi, halafu likanishukia kitandani. Mama Wanza alipika muthokoi, yale mahindi yaliyokobolewa, akayachanganya na kunde, akayaacha motoni tangu mchana mpaka yakawa laini kama maneno ya mtu anayekopa, halafu akakata parachichi juu yake. Nilinenepa mpaka sketi ikaomba msamaha. Kwenye kona ya chumba changu kulikuwa na mzinga mpya wa gogo, uliochongwa na marehemu mumewe akafa kabla hajautundika wala kuutia alama. Kuku mwekundu wa Mama Wanza alikuwa ameuchukua na kutagia humo, na kila asubuhi alinipigia kelele kana kwamba mimi ndiye mpangaji wake.

Basi nikaanza kufundisha. Nilimwambia kila mtoto alete mkebe mtupu wa mafuta ya kupikia. Siku ya ukungu tukapanga mikebe mingine chini ya miti na mingine uwanjani, tukaenda kufanya hesabu, tukarudi. Ya uwanjani ilikuwa mikavu. Ya chini ya miti ilikuwa na maji. Watoto wakachungulia tena mikebeni. Walikuwa wameyaona maji hayo tangu kuzaliwa na hawakuwahi kuyaona. "Mvua imenyesha?" nikauliza. "Haijanyesha, Mwalimu." "Sasa maji ni ya nani?" Mbithe, kisichana kidogo chenye mdomo wa wakili, akasema, "Ni ya miti. Inayachana kutoka kwenye ukungu, kama kuchana nywele." Ningempa cheti changu siku ile kama angetaka. Tukafuata maji yale kwa miguu, yanavyoingia kwenye majani yaliyooza, yanavyopotea, yanavyotokea chini kwenye chemchemi ambako mama zao walichota, na yanavyoteremka kuelekea watu wa bondeni, watu wakavu kama mimi. Siku nyingine nikawaambia kila mmoja alete kitu cha nyumbani kilichotoka msituni. Wakaleta kinu, kigoda, mwiko, mpini, upinde, dawa ya tumbo iliyofungwa kwenye gazeti. Mvulana mmoja akaleta mkongojo wa nyanya yake, na nyanya mwenyewe akafuata nyuma akishika kuta, akitutukana sote kwa zamu. Tukampa kiti, akabaki mpaka kipindi kikaisha, akitusahihisha majina ya miti.

Hedimasta alichungulia dirishani. "Mwalimu, wapi harage?" Nikamwambia linaota. "Silioni." "Linaota polepole, Mwalimu Kyalo, hapa kuna baridi." Akaenda zake akivuta koti.

Mambo yalibadilika jioni moja nikiwa nimelala na mafua. Mzee Ndambuki alikuja kwa dada yake kunywa uji, akaja na hedimasta. Nilisikia vigoda vikivutwa. Kisha sauti ya Mzee, ile sauti nzito iliyozoea kufunga mikutano: "Matofali yamekauka. Tumeyapanga tanuri zuri sana, pale juu penye uwanda, watu hawajawahi kuona. Sasa ni kuchoma." Hedimasta akauliza kuni zitatoka wapi. "Si msitu uko hapo hapo juu yake? Wapasua mbao wanakuja kutoka Kathonzweni. Watachukua mbao za paa, matawi yote tunachomea. Kitu kimoja kinafanya kazi mbili." Mama Wanza akasema taratibu, "Na chemchemi, kaka?" Mzee akacheka. "Chemchemi iko chini, mti uko juu. Unaona vinagusana?"

Niliinuka na mafua yangu, blanketi mabegani kama mzimu, nikatokea jikoni. Mwalimu Kyalo nusura amwage uji. "Shikamoo Mzee," nikasema. "Vinagusana." Mzee Ndambuki akanitazama kutoka miguuni mpaka kwenye pua iliyovimba. "Mwalimu, pole na ugonjwa. Sisi tunawajengea watoto darasa. Wewe mwenyewe si unafundisha chini ya mabati yaliyotoboka?" Nikasema nitafundisha hata bila mabati, lakini watoto wale wakishamaliza kusoma ndani ya darasa la matofali watatoka nje kunywa nini? "Huko kwenu Kitui," akasema, na hapo akawakonyeza wengine, "kuna miti mingapi, hata uje kutufundisha miti?" Nikamwambia ndiyo sababu. Ninatoka mahali ambapo iliisha, Mzee. Mimi ni barua iliyotumwa kwenu kutoka mbele. Akamwambia dada yake amwongeze uji, na nikajua nimefutwa mazungumzoni.

Sikupata usingizi, na si kwa mafua. Darasa lile lilihitajika kweli. Nilikuwa nikifundisha nikihamahama kukwepa matone. Sikuwa mjinga. Lakini kulikuwa na mawe tele kilimani, na kulikuwa na mikono. Kilichokosekana ni mtu wa kumwambia Ndambuki hapana, na kila niliyemwaza alikuwa anamwogopa au anadaiwa heshima naye. Kesho yake nikaliweka jambo hilo mbele ya darasa la sita, wazi wazi, kama hesabu. Nikawaambia: msitu huu utakatwa. Mimi si mtu mkubwa, nyinyi si watu wakubwa. Katika Ukamba wetu wote, ni mti gani ambao hata mtu mkubwa hawezi kuukata?

Mbithe akainua mkono: "Mti wenye mzinga wa mtu."

Naomba nieleze kwa vijana wa siku hizi, waliozoea asali ya chupa. Mzinga, mwatu kwa Kikamba, ni gogo lililotobolewa ndani likafunikwa pande mbili, na kila mzinga una alama iliyochomwa kwa chuma cha moto, alama ya ukoo na ya mwenyewe. Ukishatundikwa mtini, hata kama mti uko kwenye shamba la mwingine, mti huo una mtu. Hakuna anayeushusha mzinga ila mwenyewe. Hakuna anayewasha moto chini yake. Na mwenyewe hawezi kunyimwa njia ya kuuendea, hata akikosana na mwenye shamba mpaka wasisalimiane. Kuiba asali au kuharibu mzinga wa mtu, zamani zilikuwa habari za kuuana. Wakati wetu zilikuwa habari za kulipa mafahali na wazee kukaa kikao mpaka jua lichoke. Wakati huo watu wengi wa Kilungu walikuwa wamewaacha nyuki kwa ajili ya kahawa. Mizinga ilizagaa nyuma ya maghala, imejaa maboga na panya. Lakini alama zilikuwa bado ziko.

"Leteni," nikasema.

Jumamosi, mchana kweupe, maana sikutaka iitwe wizi, watoto walipanda kilima na mizinga. Ilikuja kwa vichwa, kwa kamba, kwa mkokoteni, mmoja ulikuja juu ya punda ambaye hakukubaliana na jambo hilo. Ungedhani Kilungu nzima inahama. Wavulana walipanda miti, na walipochoka walipanda wasichana, sketi zimefungwa kiunoni, na mimi nikapanda. Mzee mmoja alisimama njiani akapiga kelele, "Tangu lini mwanamke akatundika mzinga?" Mbithe akamjibu kutoka juu, "Tangu leo, umau!" yaani babu, kwa heshima zote, huku miguu inaning'inia. Kwa Mama Wanza nilikuwa nimeomba ule mzinga wa chumbani. Alimtoa kuku, akaondoa mayai, akanitazama sana. "Hauna alama," akasema. "Mume wangu hakuwahi." Nikatia kisu cha jikoni motoni mpaka kikawa chekundu, nikachoma alama ya baba yangu, ile niliyoiona utotoni kwenye mishale na kwenye ngozi za ng'ombe: misumari miwili na mkia. Sikumwuliza mtu kama msichana anaruhusiwa. Nikautundika kwenye mti mkubwa uliosimama juu kabisa ya tanuri la matofali, mti wa kukumbatiwa na darasa zima na bado nafasi ikabaki.

Jumatatu Mzee Ndambuki alisimama kwenye gwaride. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alisema, "Naona watoto wametusaidia kukausha mizinga yetu. Asanteni. Sasa kila baba atapanda kushusha wake, maana mwenye mzinga ni baba, si mtoto. Nitaanza mimi." Mjukuu wake mwingine alikuwa darasani mwangu, na mzinga wa Ndambuki ulikuwa umetundikwa na mjukuu huyo, karibu na chemchemi. Akapanda mlima, akavua koti, akaushusha. Akina baba wakafuata, mmoja mmoja, wakikwepa macho ya watoto wao. Darasa langu lilitazama kutoka uwanjani. Nilimtazama Mbithe wakati babake alipopita na mzinga wao begani. Hakulia, aliuma mdomo tu, kama aliyeona mkubwa akianguka matopeni. Ilipofika jioni ulikuwa umebaki mzinga mmoja mtini. Wangu. Baba yangu alikuwa mbali na hakujua hata kama ana mzinga Kilungu.

"Mwalimu," akasema Mzee Ndambuki mbele ya kamati yote, "shusha."

"Sishushi."

"Wewe ni mwajiriwa wa kamati hii."

"Mimi ni mwajiriwa, Mzee. Mzinga haujaajiriwa."

Mtu akacheka nyuma, akajifanya anakohoa. Mzee akasema, "Ukiushusha, una kazi. Usipoushusha, huna." Nilikuwa na kazi ile moja duniani, na nyuma yake palikuwa na sinki la vikombe likiningoja Kitui. Nikasema, "Basi sina." Hedimasta akafunga vifungo vya koti vyote.

Wapasua mbao walifika siku iliyofuata wakiwa na misumeno mirefu ya watu wawili wawili na mashoka. Kiongozi wao alikuwa Musyoki, mtu wa miraba minne kutoka Kathonzweni, mwenye sauti ndogo isiyofanana na mwili. Wazazi walikuwa wamekusanyika, na mimi nilikuwa nimeketi kwenye mzizi wa mti wangu nikila mahindi ya kuchoma, maana mtu aliyefutwa kazi hana haraka. Musyoki alizunguka mti akiupigapiga kwa ngumi kama anayechagua tikiti. Akatazama juu. Akaacha kupiga.

"Mzinga wa nani huu?"

"Ni upuuzi," akasema Mzee Ndambuki. "Ni kitanda cha kuku. Muulize dada yangu."

"Mzee, nimeuliza ni wa nani."

"Ni wangu," nikasema.

Akanitazama. "Wako wewe?"

"Wangu mimi."

"Na alama umeitoa wapi?" Nikamtajia baba yangu, na baba wa baba yangu, na Matinyani, na ukoo. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kila jina kama anayehesabu ng'ombe wakiingia zizini. Kisha akaketi chini. Wenzake walipomwona ameketi, wakaketi pia, misumeno magotini. "Mwenyekiti," akasema kwa ile sauti yake nyembamba, "babu yangu alitoka Kitui wakati wa njaa akaja Kathonzweni, hakuja na kitu ila hiyo alama. Hata hawa wenzangu watatu, alama hiyo ni ya kwao. Huyu msichana ni dada yetu. Sisi hatukati."

"Nimewaita mkate miti!"

"Umetuita tukate miti. Mti huu una mtu."

"Basi kateni mingine! Si iko mingi?"

"Tukikata mingine utachoma tanuri," akasema Musyoki, akionyesha matofali yaliyokuwa pale chini, "na moshi utaenda wapi? Utaenda kwenye mzinga. Nani anawasha moto chini ya mzinga wa ukoo wetu, tukiwa tumekaa hapa tunaangalia?"

Mzee Ndambuki akawa mwekundu, jambo gumu kwa Mkamba lakini aliliweza. "Ndani hakuna hata nyuki mmoja!"

"Nyumba mpya siku ya kwanza haina mtu," akasema Musyoki. "Watakuja." Kisha akaniomba mahindi. Nikampa kipande. Tukala, yeye na mimi na wenzake, mbele ya kamati nzima, kimya kimya, na nakuapia hakuna harusi niliyokula iliyoshinda utamu ule. Walipomaliza wakainuka, wakatia misumeno begani, wakarudi Kathonzweni. Na katika wazee wote wa Kilungu waliosimama pale na mashoka yao, hakuna aliyeinua hata moja.

Hapo ndipo msitu ulipopona, lakini haukupona kwa wema, na hili ndilo ningependa mjukuu yule asome kwenye kipaza sauti. Usiku na mchana jikoni kwa Mama Wanza wanaume walikuja kunywa uji na kulalamika, na mimi, nikingoja barua yangu ya kufutwa, nilisikia yote kutoka kitandani. "Ati msichana wa Kitui ana mti Kilungu!" alisema mmoja. "Na mimi niliyezaliwa hapa, sina hata tawi!" Mwingine akasema, "Ukoo wao sasa umeshika kilima. Kesho watasema ni chao." "Ulishusha wako kwa nini?" "Si Mwenyekiti alisema?" "Mwenyekiti ana alama kwenye msitu? Hana!" Mama Wanza alikuwa akikoroga chungu, na nilimsikia akicheka kwa pua. Kabla ya mwezi kuisha mizinga ilianza kurudi. Safari hii ilipandishwa na akina baba wenyewe, wakisukumana, wakigombea miti mikubwa, wakitukanana matawini. Mzee mmoja alitundika mzinga kwenye mti mwembamba hivi kwamba mti uliinama kumsalimia. Na Mzee Ndambuki, asingekubali kuwa wa mwisho, alichukua mti wa chemchemi, akatundika mzinga mkubwa kama ng'ombe, na Jumapili iliyofuata akasimama kanisani kutangaza kwamba atakayegusa msitu huo atamwona yeye. Alilinda neno lake miaka yote iliyobaki ya maisha yake, hilo nampa. Mvua zikaja, zikakuta matofali yasiyochomwa, zikayarudisha kuwa udongo. Darasa likajengwa baadaye kwa mawe ya kilima, wazazi wakiyabeba kwa mistari, na ni darasa hilo hilo lililosimama mpaka leo.

Mimi, kufutwa kulibaki kufutwa. Kamati haiwezi kukosea mara mbili kwa jambo moja, ingeonekana haina msimamo. Hedimasta alinipa barua inayosema nilifundisha mambo yasiyo kwenye silabasi na kuwapandisha wasichana mitini, akanishika mkono muda mrefu, akaninong'oneza kwamba ile mikebe ameirithi yeye. Darasa la sita walinisindikiza mpaka barabarani, wakibeba sanduku langu lisilo na uzito kana kwamba ni piano. Mzee Ndambuki alikuwa amesimama kwenye njia panda. Nilidhani amekuja kuhakikisha nimeondoka kweli.

"Mwalimu, umesahau kitu," akasema. "Mzinga wako. Hujaushusha."

"Sijasahau."

Akatazama mlima. Akanitazama. "Unaenda Kitui."

"Naenda Kitui. Mzee, nikuulize jambo la kimila, maana wewe ndiye mkubwa hapa. Mwenye mzinga anaweza kunyimwa njia ya kwenda kwenye mzinga wake?"

Alikuwa anaona mtego, na alikuwa anaingia, kwa sababu hakuwa mtu wa kudanganya juu ya mila. "Hawezi."

"Hata kama ni kwenye shamba la mtu?"

"Hata kama."

"Hata kama kamati imemfukuza?"

Mzee Ndambuki alisugua kidevu, akaangalia chini, na nikaona mabega yake yanatikisika, akijitahidi asicheke mbele ya wanafunzi. "Wewe msichana wewe," akasema. "Hata kama."

Nilirudi msimu wa asali. Nilishuka kwenye njia panda nikiwa na kamba, kibuyu na kichomeo cha moshi, na njia ya kwenda mlimani ilipita katikati ya uwanja wa shule, mbele kabisa ya madirisha. Mbithe ndiye aliyeniona kwanza. Akaruka dirishani, wenzake wakaruka nyuma yake, mlango ukasahaulika kabisa, na hata darasa la tano na la saba wakaja, wakapanga mstari nyuma yangu wakiuliza mti huu unaitwaje, na ule, na maji ya leo yametoka wapi. Mwalimu Kyalo akatoka ofisini na fimbo na koti lake. Akasimama katikati ya njia. "Nini hii? Nani amewaruhusu?"

"Mwenye mzinga anapita," nikasema.

Akatazama kamba begani mwangu, akatazama mlima, akatazama lile jeshi nyuma yangu. Kisha akasogea pembeni, akatupisha.